Masasi na Mto Ruvuma: Mahuru, Walimu na Kiswahili cha Misheni

Wanafunzi wetu wakiulizwa Kiswahili kilifikaje bara, hujibu upesi kwamba kilipelekwa na misafara ya biashara, kisha kikatiwa nguvu na askari na maofisa wa Kijerumani. Jibu hilo si la uongo, na vitabu vingi tunavyotumia darasani vinaliunga mkono. Hata hivyo lina upungufu mkubwa. Linawafanya watu wa bara waonekane kuwa ni wapokeaji tu, waliokaa vijijini mwao wakingoja lugha iletwe na tajiri au na mwenye bunduki. Limewasahau watu ambao walipelekwa pwani wakiwa katika makongwa, wakajifunza Kiswahili ugenini, kisha wakakirudisha bara kwa miguu yao wenyewe. Katika makala haya tutaeleza habari za baadhi ya watu hao, nao ni wale waliofanya makao Masasi, kusini ya Tanzania, kuanzia mwaka 1876.

Masasi iko katika nchi kavu yenye vilima vya mawe matupu vilivyosimama peke yao, kama kwamba vimewekwa hapo kwa makusudi. Upande wa mashariki njia inateremka kwenda Lindi. Upande wa kusini ni uwanda wa juu wa Wamakonde na Mto Ruvuma. Wayao, Wamakua, Wamakonde na Wamwera wote walikuwa na vijiji katika eneo hilo, na njia ya misafara kutoka Ziwa Nyasa kwenda bandari za Lindi na Kilwa ilikuwa karibu. Mpaka wa Ruvuma kati ya Wajerumani na Wareno ulipatanwa mwaka 1886, yaani miaka kumi baada ya misheni kuanzishwa. Kabla ya hapo mto ulikuwa mto tu. Watu waliuvuka kwa mitumbwi wakati wa masika, na kiangazi palikuwa na mahali pa kuuvuka kwa miguu juu ya mchanga. Walioa ng'ambo, walizika ng'ambo, na njaa ilipoingia walikimbilia ng'ambo. Mambo hayo hayakukoma kwa sababu ya karata iliyotiwa sahihi Ulaya, ila tangu siku hiyo yalikuwa na jina jipya: kuvuka mpaka.

Misheni tunayoizungumzia ni ile ya Vyuo Vikuu vya Uingereza, iliyojulikana sana kwa herufi zake UMCA. Ilianzishwa baada ya hotuba aliyoitoa David Livingstone mjini Cambridge mwaka 1857. Kundi la kwanza lilikwenda Magomero, katika nchi ambayo sasa ni Malawi, mwaka 1861. Askofu Mackenzie akafa kwa homa mwanzoni mwa mwaka uliofuata, na wengine kadhaa baada yake. Mwaka 1864 Askofu Tozer akaihamishia kazi hiyo Unguja, akifuatana na Edward Steere. Walipofika, Sultani Majid aliwapa wavulana watano waliotekwa katika jahazi la watumwa. Shule ya kwanza ya misheni ilikuwa wavulana hao watano. Mmoja wao, John Swedi, alipewa ushemasi mwaka 1879.

Baada ya hapo idadi iliongezeka. Manowari za Waingereza zilikuwa zikikamata majahazi baharini, na waliookolewa wakagawiwa kwa misheni mbalimbali. Mkataba wa mwaka 1873 ulifunga masoko ya watumwa katika nchi za Sultani, na juu ya kiwanja cha soko la Unguja Steere akajenga kanisa kuu ambalo hata leo wageni hupelekwa kuliona. Wavulana walisomeshwa Kiungani; watu wazima wakapewa mashamba Mbweni. Watu hawa waliitwa mahuru, lakini uhuru wao ulikuwa wa namna ya pekee. Hawakuwa na ndugu, hawakuwa na ukoo wa kuwatetea, na kisiwani Unguja mtu asiye na ukoo wala bwana alikuwa mtu asiye na pa kusimama.

Lugha yao ilikuwa nini? Hapo ndipo mwalimu wa Kiswahili anapopaswa kusikiliza kwa makini. Miongoni mwa watoto wa Kiungani walikuwapo Wayao, Wanyasa, Wamakua, Wabisa na wengine wengi. Wengine walitekwa wakiwa wadogo mno hata wakasahau lugha ya mama zao. Wengine waliikumbuka lakini hawakuwa na mtu wa kuzungumza naye. Waliweza kusemezana kwa Kiswahili tu. Mwaka 1887 A. C. Madan alitoa kitabu chenye masimulizi ya wavulana wa Kiungani, kila mmoja akieleza alivyotekwa, alivyouzwa mara mbili au tatu njiani, na alivyofika pwani. Kitabu hicho kilitolewa kwa Kiingereza, na kwetu ni masikitiko kidogo kwamba wengi wanayajua masimulizi hayo kwa lugha ya mfasiri. Msomaji anayejua Kiswahili huisikia sauti ya asili nyuma ya Kiingereza cha Madan: sentensi fupi, "kisha" na "halafu" nyingi, na jambo zito likitajwa kwa maneno machache mno.

Steere alitambua kwamba kuwaweka mahuru kisiwani daima si jambo la kudumu. Mwaka 1875 alisafiri kwa miguu kutoka Lindi mpaka Mwembe, kwa Mataka, mtawala mkubwa wa Wayao, ili aone kama wataruhusiwa kukaa huko. Mwaka uliofuata aliondoka Unguja na mahuru wapatao 55, wanaume kwa wanawake, walioomba kurudishwa bara. Nia ilikuwa kufika mbali zaidi, kuelekea Ziwa Nyasa ambako wengi wao walikotoka. Walipofika Masasi waliona ardhi nzuri na maji, nao wakasema wangependa kukaa hapo. Steere akakubali. Basi mahali hapo palichaguliwa na wale waliokuwa wamechoka kutembea, si na kamati ya Uingereza, na twaona ni haki jambo hilo likumbukwe.

Steere akarudi Unguja, akamwacha kijana W. P. Johnson awaongoze. Mwaka 1877 akafika Chauncy Maples. Nyumba zikajengwa kwa miti na udongo, mashamba yakalimwa, kengele ikapigwa asubuhi na jioni. Kwa maneno mengine, kijiji kilikuwa kijiji kama vingine, isipokuwa jambo moja: hakikuwa na jumbe wa kuzaliwa. Mmisionari, apende asipende, ikawa yeye ndiye jumbe. Aliamua kesi za wizi na za ndoa, akagawa mashamba, akatoa adhabu. Watu walioletwa ili wawe huru walijikuta tena wanamngoja mtu mwingine awaambie la kufanya. Hatusemi kwamba wamisionari walikusudia hivyo. Walikuwa vijana wasomi wa Oxford waliokula chakula kilekile cha wenyeji na kufa kwa homa zilezile. Lakini nia njema haikulibadilisha umbo la jambo lenyewe. Mtu aliyepewa jembe, nguo, jina na dini na mtu mmoja huyohuyo ni vigumu kumkatalia neno lolote.

Tena wenyeji waliwaonaje? Kwa jirani yake Mmakua, mkazi wa kijiji cha misheni alivaa kanzu ya pwani, alisema lugha ya pwani, na alikuwa na Mzungu wa kumtetea. Inawezekana kabisa kwamba kwa sura na kwa asili alikuwa Mmakua vilevile, aliyetekwa mwendo wa siku chache tu kutoka hapo. Lakini alirudi akiwa mgeni.

Mambo yalikatika ghafula mwaka 1882. Mwezi Agosti Steere alifariki dunia huko Unguja. Mwezi uliofuata jeshi la Wangoni kutoka upande wa Songea, ambao watu wa kusini waliwaita Magwangwara, lilishambulia Masasi. Wakazi wengine waliuawa, nyumba zikachomwa, na wengine wakachukuliwa mateka. Msomaji na alitazame jambo hilo kwa macho ya mwanamke mmoja asiyejulikana jina: alitekwa utotoni, akauzwa Kilwa, akapakiwa jahazini, akakombolewa baharini, akafundishwa na kubatizwa Unguja, akarudishwa bara, akaolewa, akalima shamba lake miaka sita, kisha akatekwa tena. Padre W. C. Porter aliwafuata mateka hadi nchi ya Wangoni, safari ya hatari kwa siku hizo, na baadhi yao wakarudi pamoja naye. Wengine hawakurudi. Maples akahamia Newala, chini ya ulinzi wa Matola, mtawala wa Kiyao. Na kwa muda Masasi ikabaki karibu ukiwa.

Watu wa misheni waliliita jambo hilo maafa, na kweli lilikuwa maafa. Hata hivyo sisi tunaona kwamba kazi yenyewe ilianza kupata mizizi baada ya hapo, kwa sababu kijiji cha mahuru kilipovunjika, mafundisho hayakuweza tena kukaa nyuma ya ua wa misheni. Ilibidi yaende kwa watu, chini ya watawala wao, katika vijiji vyao. Na waliokwenda huko mara nyingi hawakuwa Wazungu, kwani Wazungu walikuwa wachache na afya zao mbaya. Walikuwa walimu waliofundishwa Kiungani.

Mashuhuri kuliko wote ni Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao aliyeuzwa utotoni, akalelewa na misheni Unguja, akasoma Kiungani na baadaye Canterbury nchini Uingereza. Mwaka 1886 alipelekwa Chitangali, kwa mtawala wa Kiyao Barnaba Nakaam. Mwaka 1890 alipewa upadre, akawa Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kufikia daraja hilo. Alikaa Chitangali mpaka mwaka 1897. Katika miaka hiyo kumi na mmoja hapakuwa na kengele ya Mzungu juu yake wala kijiji cha kutawala. Kesi ziliamuliwa na Nakaam. Majaliwa alifundisha, alisalisha, alitembelea wagonjwa na kuzika wafu. Kwa hivyo alikuwa na jambo ambalo Maples hakuweza kuwa nalo pale Masasi: angeweza kukataliwa. Watu waliomfuata walimfuata kwa hiari.

Wako walimu wengi ambao hawakuwa mashuhuri. Gazeti la Kiswahili Msimulizi, lililoanza kupigwa chapa Kiungani mwaka 1888, lilikuwa likitoa habari kutoka vituo vya bara. Kwa maoni yetu gazeti hilo lastahili kutajwa katika kila somo la historia ya fasihi yetu. Lilikuwa la Waafrika kuandikiana wenyewe kwa wenyewe kwa Kiswahili, wakati utawala wa Kijerumani ulikuwa bado haujashika mizizi bara. Anayesema kwamba Kiswahili cha kuandikwa kwa herufi za Kirumi kililetwa bara na serikali ya Wajerumani hajalifikiria gazeti hilo.

Lakini kwa nini Kiswahili? Wenyeji wa Masasi walikuwa na lugha zao, na wamisionari hawakuzidharau. Steere mwenyewe aliandika kitabu kidogo cha Kiyao mwaka 1871, mwaka mmoja tu baada ya kutoa kitabu chake cha Kiswahili. Maples naye aliandika juu ya Kimakua. Ilikuwa rahisi kudhani kwamba kila kabila lingepata Injili kwa lugha yake, kama ilivyokuwa mahali pengi pengine. Kilichoamua jambo hilo, kama tunavyoona sisi, ni mwalimu mwenyewe. Alisoma kwa Kiswahili, alisali kwa Kiswahili, na vitabu alivyobeba kichwani mwa mpagazi vilikuwa vya Kiswahili. Tena kijiji kimoja kiliweza kuwa na Wayao, Wamakua na Wamakonde pamoja, na kuchagua lugha ya mmoja kungekuwa kuwaudhi wawili.

Faida yake tunaifahamu, kwa kuwa sote tunaila. Gharama yake hatuitaji mara nyingi. Bibi kizee wa Kimakua aliyetaka kubatizwa alipaswa kwanza kujifunza maneno ya Kiswahili ambayo mengi yake yalitoka Kiarabu: sala, dhambi, toba, malaika, roho. Steere alisaidiwa na wasomi wa Unguja katika kazi yake ya lugha, akayachukua maneno waliyokuwa nayo Waislamu kwa mambo ya Mungu. Hakuona sababu ya kubuni mapya, na kwa jambo hilo alikuwa na busara. Hata hivyo kwa bibi yule neno "dhambi" lilikuwa geni sawasawa na neno la Kiingereza. Mwalimu ndiye aliyelitafsiri, akiwa amekaa chini ya mwembe, kwa Kimakua chake kilichovunjika. Tafsiri ya namna hiyo haipigwi chapa, wala hailipwi mshahara wa mfasiri.

Miaka iliyofuata tutaipitia kwa haraka. Mwaka 1905 Vita vya Maji Maji vilifika Masasi. Wamisionari wakakimbilia pwani, kanisa na nyumba za misheni zikachomwa. Wabenedikti Wakatoliki, waliokuwa majirani huko Lukuledi na Nyangao, walipatwa na hasara kubwa zaidi, na Askofu wao Cassian Spiss aliuawa njiani. Baada ya vita ikaja njaa. Katika Vita Kuu ya Kwanza wamisionari Waingereza walifungwa na Wajerumani, na mwaka 1917 majeshi ya pande zote mbili yakapita kusini yakichukua chakula na wapagazi, hata Lettow-Vorbeck alipovuka Ruvuma mwezi Novemba. Katika nyakati zote hizo misheni haikufa, na waliobaki nayo walikuwa walimu na mapadre Waafrika.

Yapo mambo mawili ya baadaye ambayo hatuwezi kuyaacha. La kwanza ni jando. Kwa wazazi wa Masasi kijana asiyetiwa jandoni hakuwa mtu mzima, na Mkristo aliyekatazwa jando alikatazwa utu. Mwaka 1913 Padre Vincent Lucas, ambaye mwaka 1926 alikuwa Askofu wa kwanza wa Masasi, alianza jando la Kikristo, lenye ngariba, makumbi na mafunzo, lakini pamoja na sala mahali pa matambiko. Vitabu humsifu Lucas, na sifa hiyo ni haki yake. Hata hivyo Lucas asingeweza kuendesha jando peke yake. Mambo ya makumbini aliyajua kwa kuambiwa, na waliomwambia, wakabishana naye lipi libaki na lipi liondoke, walikuwa mapadre na wazee wa Kiafrika.

La pili ni hospitali. Daktari Leader Stirling alifika jimbo la Masasi mwaka 1935, akafanya kazi Lulindi, chini ya uwanda wa Wamakonde, katika hospitali ya kuta za udongo na paa la nyasi. Wagonjwa walitoka pande zote mbili za Ruvuma, kwa maana ugonjwa haukuuliza mpaka. Stirling baadaye alichukua uraia wa Tanzania na kuwa Waziri wa Afya kuanzia mwaka 1975 hadi 1980. Tunalitaja hilo kwa sababu Lulindi aliwafundisha wauguzi kutoka vijiji vya karibu, vijana wa shule za misheni, na somo lao la kwanza la maradhi na dawa walilipata kwa Kiswahili.

Trevor Huddleston alipokuja kuwa Askofu wa Masasi mwaka 1960, akitokea katika mapambano yake dhidi ya ubaguzi huko Afrika Kusini, alikuta jimbo maskini sana. Ule mpango mkubwa wa karanga wa Nachingwea ulikuwa umekwisha kushindwa, na njia ya Dar es Salaam ilifungwa na mafuriko kila masika. Mwezi Septemba mwaka 1964 FRELIMO ilianza vita vya ukombozi katika Msumbiji, na maelfu ya watu wakavuka Ruvuma, wengi wao Wamakonde. Baadhi walipokelewa na jamaa zao, wengine walipelekwa katika makazi ya wakimbizi kama Rutamba, upande wa Lindi. Watu waliokuwa hawana kitu waligawana mihogo yao na watu waliokuwa na upungufu zaidi. Mwaka 1968 Huddleston alimwachia kiti Askofu Hilary Chisonga, mwananchi.

Wakimbizi hao walikaa miaka kumi na zaidi. Watoto wao walikulia katika Kiswahili, sokoni, shambani na zahanatini. Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975, wengi walirudi kwao kwa njia zilezile za mchanga za kiangazi, na vitu vichache juu ya vichwa. Daraja la Umoja juu ya Ruvuma lilikuwa bado halijajengwa. Lilifunguliwa mwaka 2010. Na mpaka leo msafiri anayepita vijiji vya Mueda na kandokando yake, katika nchi ambayo lugha yake ya serikali ni Kireno, akibisha hodi kwa Kiswahili huitikiwa.